Bibi Salme: Binti wa Sultani aliyebeba aibu hadi akajikubali

KATIKA visiwa vya Unguja na Pemba, na hata huku kwetu majirani, jina la Bibi Salme binti Said halijasahaulika ingawa mwenyewe alifariki dunia mwaka 1924. Lakini wengi wanaolitaja jina hilo hulitaja kwa namna mbili tu. Wapo wanaomkumbuka kama binti wa mfalme aliyepata mimba ya Mzungu akatoroka. Na wapo wanaoyageuza maisha yake kuwa hadithi tamu ya mapenzi, ya kuwasimulia watalii wanaozunguka Mji Mkongwe.

Mimi nimekisoma kitabu chake zaidi ya mara moja, na kila nikifika mwisho naona kuwa pande zote mbili zinamwonea. Ninachokiona mle ndani ni maisha ya mwanamke aliyebeba aibu kwa miaka mingi, akatafuta kutuliwa mzigo huo na ndugu zake akakosa, na hatimaye akajifunza kuishi na nafsi yake kama ilivyo. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kukusimulia leo, msomaji wangu, kwa sababu naamini wako wanawake wengi miongoni mwetu wanaopita njia hiyo hiyo bila ya kuwa na mtu wa kuwasimulia.

Azaliwa Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti mwaka 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, ufukweni kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuistawisha biashara ya karafuu. Mama yake aliitwa Jilfidan, mzaliwa wa milima ya Kaukasi karibu na Bahari Nyeusi. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, wazazi wake wakauawa, akauzwa utumwani, na mwisho akaingia katika nyumba ya Seyyid Said kama suria.

Jambo hili la mama yake nakuomba ulishike, maana tutalirudia. Binti huyu aliyeitwa Seyyida, ambaye watu walimwinamia alipopita, alizaliwa na mwanamke aliyenunuliwa kwa fedha. Kwa sheria na desturi za wakati ule hapakuwa na ajabu. Mtoto wa suria alikuwa huru na alihesabiwa mtoto halali wa baba yake. Karibu watoto wote wa Seyyid Said walizaliwa na masuria.

Katika kitabu chake Salme anaeleza jinsi jumba la Mtoni lilivyojaa watu mamia. Ua mmoja ulikuwa na tausi, swala, bata mabukini na mbuni wakizurura. Lugha zilizosikika humo zilikuwa Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyinginezo. Alijifunza kupanda farasi na punda, kulenga shabaha, na kuogopa macho ya Bibi Azza binti Seif, mke mkuu wa Sultani, ambaye neno lake lilikuwa amri kwa nyumba nzima.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, yeye na mama yake walihamia mjini katika jumba la Bet il Watoro, kwa kaka yake Majid. Hapo ndipo alipoanza lile jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililomwokoa miaka mingi baadaye.

Kalamu ya siri

Mabinti wa nyumba ya kifalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Ilionekana kuwa mwanamke anayejua kuandika atafanya nini kama si kuandikiana barua na wasiostahili? Salme hakuridhika na jibu hilo. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto wa chuoni, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja kwa siri, hadi mkono ukazoea.

Ilipojulikana, wakubwa walilaumu sana. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Binti alikuwa amejua kuandika, na ujuzi haufutiki kwa karipio.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akiwa njiani kurudi kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12. Alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa sehemu yake ya urithi, yaani fedha na shamba lenye nyumba. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, kipindupindu kiliingia Unguja na kikamchukua mama yake. Akawa yatima wa pande zote mbili akiwa na miaka 15, na mali mkononi, katikati ya ndugu waliokuwa wameanza kugombania kiti.

Kaka yake Majid ndiye aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Kaka mwingine, Barghash, alikitaka kiti hicho. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda sana, alikuwa upande wa Barghash, naye akamvuta mdogo wake. Waasi walihitaji mtu wa kuwaandikia barua kwa siri, na wanawake wenye kalamu walikuwa wachache. Hivyo Salme, msichana wa miaka 15, akawa katibu wa uasi dhidi ya kaka aliyemlea.

Uasi ulishindwa. Waingereza walimsaidia Majid kwa mizinga, Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Majid hakuwaadhibu dada zake, lakini jamii ilijua jinsi ya kuadhibu bila kiboko. Milango ilifungwa. Wageni walipungua. Salme aliondoka mjini akaenda kukaa mashambani, Kizimbani na kisha Bububu.

Baadaye alipatana na Majid, na kupatana huko kukawaudhi Khole na watu wa Barghash, walioona kuwa amewasaliti. Kwa hiyo kabla hajafikisha miaka 22, binti huyu alikuwa ameshaonja aibu mara mbili, mara ya kwanza kwa kumwasi kaka mmoja, na mara ya pili kwa kumrudia. Kwa upande wowote aliosimama alikuwa mkosaji.

Jirani wa darini

Aliporudi mjini alipanga nyumba karibu na nyumba ya mfanyabiashara kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mwenyeji wa Hamburg. Anayeijua Unguja anajua jinsi nyumba za Mji Mkongwe zinavyokaribiana. Madari yanakaribia kugusana, na jirani anaweza kuzungumza na jirani bila kupaza sauti. Urafiki ulianza hapo, ukawa mapenzi, na mwaka 1866 Salme akajikuta ni mjamzito.

Tusimame kidogo hapa, msomaji, tulitazame jambo hili kwa macho ya wakati ule. Alikuwa binti wa Sultani, Mwislamu, hajaolewa, na mwanamume mwenyewe ni Mkristo na mgeni. Dini haikumruhusu kuolewa naye, na ukoo haukuweza kuvumilia. Hatari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya roho. Wazungu waliokuwa Unguja waliamini kuwa habari ikijulikana atauawa, na hata yeye mwenyewe alijua kuwa hawezi kubaki.

Mke wa daktari aliyekaimu ubalozi mdogo wa Uingereza alimsaidia kupanga safari. Ilichaguliwa Siku ya Mwaka, mwezi Agosti 1866, kwa sababu usiku huo wanawake wa mji hushuka pwani kuoga, na kundi la wanawake ufukweni usiku halimshtui mtu. Salme alishuka pamoja na wenzake kama anayekwenda kuoga. Mashua ilikuwa inamngoja. Ikamfikisha kwenye manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, nayo ikang'oa nanga kuelekea Aden.

Najua wapo watakaosema kuwa huyu alijitakia mwenyewe. Sikatai kuwa alichagua. Lakini pia nataka tukubali kuwa mwanamume aliyeshiriki naye katika jambo lile lile alibaki Unguja miezi kadhaa akimalizia biashara zake, na hakuna aliyemgusa. Majid hakumdhuru. Mwanamke ndiye aliyeshuka pwani gizani.

Siku moja, majina mawili

Huko Aden alipokewa na watu aliofahamiana nao Unguja. Mwezi Desemba 1866 alijifungua mtoto wa kiume. Ruete alifika mwaka uliofuata, na tarehe 30 Mei 1867 mambo mawili yalifanyika kwa siku moja katika kanisa la Waingereza pale Aden. Salme alibatizwa akapewa jina la Emily, kisha akafungishwa ndoa. Siku hiyo hiyo wakapanda meli kwenda Ulaya. Mtoto wao wa kwanza hakuishi hata mwaka mmoja.

Hamburg ilikuwa mtihani mwingine. Hakujua Kijerumani. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili. Baridi ilimwingia mifupani. Nyumba zilikuwa na milango iliyofungwa daima, jambo lililomshangaza mtu aliyezoea mabaraza na nyua. Watu walimkodolea macho mitaani na katika majumba ya starehe, na wengine waliomba kumwona tu, kama vile mtu aendavyo kutazama mnyama aliyeletwa kutoka mbali.

Kuna picha yake mashuhuri iliyopigwa huko Hamburg katika miaka hiyo. Amevaa mavazi kamili ya binti wa kifalme wa Unguja. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ilipigwa Zanzibar. Kumbe ilipigwa katika studio ya Kijerumani, na nguo hizo hakuweza tena kuzivaa popote pengine. Nje ya studio alikuwa Emily mwenye gauni la Kizungu lililombana. Salme alikuwa amefungiwa sandukuni pamoja na nguo zake.

Walijaliwa watoto wengine watatu, Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Mwezi Agosti 1870 mumewe aliruka kutoka kwenye tramu, yaani gari la reli la mjini lililokuwa likivutwa na farasi, akaanguka na kukanyagwa. Alifariki siku chache baadaye. Mtoto wa mwisho alikuwa na miezi minne tu. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, mjane katika nchi ya ugenini, na mtu aliyekuwa ameachia kila kitu kwa ajili yake ameondoka.

Hapa ndipo aibu ilipomrudia kwa nguvu mpya. Alipokuwa na mume aliweza kujiambia kuwa alilipa gharama kubwa akapata alichokitaka. Sasa alibaki na gharama peke yake. Katika maandishi yake ya baadaye anakiri kuwa aliondoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na sasa akajiona ni Mkristo asiyetimia na Mjerumani wa zaidi kidogo ya nusu. Sijui kama yupo mhamiaji asiyeielewa hesabu hiyo.

Abisha hodi kwa nduguze

Mali ya mumewe haikudumu. Alihama kutoka Hamburg kwenda Dresden, Rudolstadt na Berlin akitafuta maisha nafuu, na kuna wakati alifundisha Kiarabu ili apate kipato. Binti wa Seyyid Said, ambaye utotoni hakuwahi hata kujivika viatu mwenyewe, alijifunza kuhesabu senti.

Majid alifariki mwaka huo huo wa 1870, na Barghash akakalia kiti. Salme alipata matumaini. Huyu ndiye kaka aliyemwandikia barua za uasi, akaharibikiwa kwa ajili yake. Alimwandikia akiomba msamaha na haki yake ya urithi. Barghash hakujibu. Kwake yeye, dada aliyeacha dini na kuzaa kabla ya ndoa alikuwa amekufa, na maiti harithi.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alijifunza Kiingereza haraka haraka, akasafiri kwenda kumwona. Serikali ya Uingereza haikutaka mgeni wake audhiwe. Bwana mmoja mkubwa, Sir Bartle Frere, alimshauri aache mpango huo, naye akaahidiwa kuwa watoto wake watasaidiwa. Alikubali, akarudi Ujerumani bila ya kumwona kaka yake. Msaada haukuja.

Miaka kumi baadaye mlango mwingine ukaonekana kufunguka. Ulikuwa mwaka 1885, Ujerumani imeanza kunyakua bara la Tanganyika na Barghash anapinga. Bismarck alituma manowari Unguja. Katika meli mojawapo aliwekwa Salme pamoja na watoto wake. Yeye alidhani amesindikizwa kudai haki yake. Wakubwa walijua kuwa yeye ni kitisho tu. Kama Sultani atagoma, basi wana dada yake mwenye watoto raia wa Ujerumani, na madai yake yanaweza kuwa sababu ya kupiga mizinga.

Fikiria, msomaji, mwanamke amekaa miaka 19 akiota kurudi kwao, kisha anaiona Unguja kwa mara ya kwanza akiwa juu ya meli ya kigeni, katika msafara wa manowari zilizoelekeza mizinga kwenye jumba la baba yake.

Barghash hakukubali kumwona. Lakini Salme alipewa ruhusa ya kushuka, akatembea mitaani, na kwa maelezo yake watu wa kawaida walikusanyika kumwamkia kwa Kiarabu na Kiswahili, mbele ya macho ya askari wa Sultani. Alikwenda kulitazama jumba la Mtoni akalikuta limekuwa gofu. Barghash alipokubaliana na Wajerumani, kazi ya Salme ikawa imekwisha. Meli zikaondoka naye.

Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki. Kaka yake Khalifa ndiye aliyekuwa Sultani. Hodi hiyo nayo haikuitikiwa, na mara hii hata Ujerumani haikuwa na haja naye. Aliondoka Unguja kwa mara ya mwisho. Hakuirudia tena maishani mwake.

Atoa kitabu kwa majina yote

Baina ya safari hizo mbili lilitokea jambo ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko safari zenyewe. Mwaka 1886 kilichapishwa Berlin kitabu chake cha kumbukumbu. Wengi hukihesabu kuwa wasifu wa kwanza kuchapishwa ulioandikwa na mwanamke wa Kiarabu juu ya maisha yake mwenyewe.

Alikuwa amekianza miaka tisa kabla, akiwa dhaifu wa afya na akihofia kufa kabla watoto wake hawajamjua mama yao ni nani. Hakukusudia kukitoa kwa watu. Aliwaandikia watoto watatu waliolelewa kama Wajerumani, ili wajue babu yao aliishi vipi, sikukuu ziliandaliwa vipi, harusi, matanga, dawa, chakula na mavazi. Mkono uliojifunza herufi kwa siri juu ya mfupa wa ngamia ndio ulioandika.

Ukitazama jina la mwandishi utaona kuwa halikufichwa. Aliandika Emily Ruete, kisha akaongeza kuwa amezaliwa binti wa mfalme wa Oman na Zanzibar. Kwa miaka 20 watu wa kwao walikuwa wamemwambia kuwa yeye si wao tena, na watu wa Ulaya walikuwa wamemtaka awe Emily tu, mjane mtulivu wa Kikristo. Yeye alikataa kuchagua. Aliyaweka yote mawili juu ya jalada, mbele ya ulimwengu, akayaacha yasomwe pamoja.

Hakuandika kila kitu. Kuhusu mimba na mtoto wa kwanza alipita haraka, kama mtu anayevuka barabara. Sioni kuwa huko ni kudanganya. Kujikubali hakumaanishi kumvulia nguo kila mpita njia. Barua nyingine ndefu, zinazoeleza uchungu wa miaka ya Hamburg, aliziandika lakini hakuzichapisha. Zilitolewa miongo mingi baada ya kufa kwake.

Baada ya safari ya 1888 hakurudi kukaa Ujerumani. Alikwenda kuishi Jaffa, kisha Beirut, na huko alikaa hadi mwaka 1914. Alichagua mahali ambapo angeweza kuzungumza Kiarabu sokoni, kusikia adhana alfajiri, na wakati huo huo kupokea wageni wake wa Ulaya. Hakuwa amerudi Unguja, wala hakuwa amerudia dini yake ya kwanza hadharani. Lakini hakuwa tena mtu anayeishi huku akiomba radhi kwa kuwapo kwake.

Doa lisilofutika

Sitakutendea haki nikikwambia kuwa alikuwa malaika. Katika kitabu hicho hicho ipo sura juu ya utumwa, na humo Salme anautetea. Anadai kuwa watumwa wa Waarabu walitendewa vizuri, kwamba Wazungu walifanya pupa kuupiga marufuku, na anawasemea Waafrika maneno ya dharau. Haya aliyaandika binti wa mwanamke aliyeuzwa utotoni, mwanamke aliyewaona wazazi wake wakiuawa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Salme aliweza kuikabili aibu aliyotwishwa na wengine, lakini hakuweza kuikabili aibu iliyokuwa imejengewa nyumba ya baba yake. Mashamba ya mikarafuu yaliyompa urithi wake yalilimwa na watu waliokamatwa bara, mababu wa wengi tunaosoma gazeti hili. Kujikubali ni jambo jema, lakini halimwondolei mtu deni la ukweli.

Wajerumani wenyewe wamelikuta swali hilo. Mwaka 2019 uwanja mmoja mdogo wa mjini Hamburg ulipewa jina la Emily Ruete kwa heshima. Baadaye watu walileta maandishi yake juu ya utumwa, mjadala ukazuka, na jina likaondolewa. Kwa upande wa Unguja, jumba la zamani la masultani lilipofanywa makumbusho lilimtengea chumba chake, na mwaka 2015 ilifunguliwa Mji Mkongwe nyumba ya makumbusho yenye jina lake. Mji aliofukuzwa ulimfungulia mlango, na mji uliompokea ukaondoa jina lake uwanjani.

Mchanga wa Unguja

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza aliondoka Beirut kurudi Ujerumani kwa watoto wake. Mwishoni mwa maisha yake serikali ya Zanzibar, chini ya Sultani Khalifa bin Harub, ilimpangia posho ndogo. Ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne tangu aanze kuomba. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, lakini palikuwa na mtu Unguja aliyekubali kuandika jina lake katika daftari.

Alifariki tarehe 29 Februari 1924 katika mji wa Jena, akiwa na umri wa miaka 79. Katika vitu vyake kilikutwa kifuko chenye mchanga wa pwani ya Unguja. Alikuwa amekihifadhi miaka yote hiyo. Majivu yake yalizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kaburi la mumewe, na mchanga huo ukazikwa pamoja naye.

Mwanawe Rudolph alikuwa ameshaongeza jina la Said kwenye jina lake la ukoo, na mwaka 1929 alichapisha London kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said bin Sultan. Wale watoto ambao mama yao alihofia hawatamjua, walijua.

Wahenga wanasema mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo imetumika sana dhidi ya Bibi Salme. Mimi nikitazama kile kifuko cha mchanga sioni mtu aliyekataa kwao. Naona mtu aliyekataliwa na kwao, akakataa kukubali kuwa hukumu hiyo ndiyo neno la mwisho juu yake.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwasemesha wazazi na walezi. Mambo haya hayakuishia karne ya 19. Nchini Tanzania, msichana aliyepata mimba akiwa shuleni alikuwa akifukuzwa, na hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali hadi Novemba 2021 utaratibu huo ulipoondolewa. Huko Kenya ruhusa ya kurudi imekuwapo kwenye karatasi tangu mwaka 1994, lakini nyumba nyingi bado zinamficha binti kwa shangazi wa mbali hadi majirani wasahau. Kijana wa kiume aliyehusika huendelea na masomo, kama Ruete alivyoendelea na biashara.

Bibi Salme alingoja miaka mingi ili ndugu zake wamwambie kuwa yeye bado ni mtu. Wengi walikufa bila ya kusema neno hilo. Alilazimika kujiambia mwenyewe, kwa kalamu, ugenini, akiwa na watoto watatu wa kulisha. Aliweza, lakini si kila binti ana kalamu, na si kila binti ataishi miaka 79. Kama nyumbani kwako yupo anayengoja kuambiwa, mwambie leo.